Mshahara, usajili na haki ya mchezaji wa mpira Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kijiwe chochote cha kahawa Ngamiani kina bingwa wa kukokotoa mishahara ya Ulaya. Anayeweza kukueleza mshahara wa beki anayecheza uwanja wa Mkwakwani unakatwa nini, uingie tarehe ngapi na usipoingia afanye nini, huyo utamtafuta sana. Majibu haya ni kwa ajili ya huyo beki, wazazi wake, na kiongozi wa klabu anayetaka kulipa bila kugombana na mtu. Viwango vya kodi ya mshahara vilivyotumika ni vile vilivyoanza Julai 2021.

Nalipwa posho ya mazoezi kila wiki. Je, mimi ni mchezaji wa kulipwa?

Kanuni za FIFA za Hadhi na Uhamisho wa Wachezaji zinataka mambo mawili kwa pamoja: uwe na mkataba wa maandishi na klabu, na malipo yako yazidi gharama unazoingia kwa ajili ya kucheza. Posho ikiishia kwenye nauli ya bodaboda kutoka Majani Mapana hadi uwanjani na kununua viatu, wewe ni wa ridhaa.

Ila jina la malipo haligeuzi ukweli. Ukiwa unapangiwa saa za mazoezi, unakatazwa kufanya kazi nyingine na unapewa laki tatu kila mwisho wa mwezi, sheria ya kazi ya Tanzania inatazama uhusiano wenyewe ulivyo. Hapo neno “posho” halimwokoi mwajiri. Tatizo la mchezaji wa namna hiyo ni ushahidi, maana pesa alikuwa akipewa mkononi na hakuna aliyesaini popote.

Mkataba uwe na nini ndipo niusaini?

Anza na tarehe mbili, ya kuanza na ya kumalizika. Mkataba wa mchezaji wa kulipwa hauwi mfupi kuliko kipindi cha kuanzia siku unapoanza hadi mwisho wa msimu, wala hauzidi miaka 5. Aliye chini ya miaka 18 hafungwi zaidi ya miaka 3, na mzazi au mlezi ndiye anayesaini pamoja naye. Kisha angalia kama mkataba unakulipa miezi yote. Msimu wa ligi una mapumziko marefu katikati ya mwaka, na mkataba unaosema “atalipwa wakati wa msimu” huwaacha watu bila mshahara Juni na Julai huku wakiwa bado wamefungwa na klabu.

Mshahara uandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na isemwe wazi kama ni kabla au baada ya makato. Tarehe ya kulipwa iwe tarehe kweli, mfano “kabla au ifikapo tarehe 30 ya kila mwezi”, na akaunti itajwe. Sentensi kama “atalipwa kadiri klabu itakavyopata mapato” ikatae hapo hapo: inakugeuza kuwa mbia wa hasara za klabu bila kuwa mbia wa faida. Vilevile FIFA haitambui kipengele kinachoipa klabu muda wa ziada wa kulipa baada ya tarehe ya malipo kupita, isipokuwa pale ambapo muda huo umekubaliwa katika makubaliano ya pamoja kati ya vyama vya wachezaji na waajiri. Pia uhalali wa mkataba hauwezi kuning'inizwa kwenye vipimo vya afya. Klabu ikupime kwanza, ndipo isaini. Ikishasaini haiwezi kukurudisha kwa sababu daktari ameona goti.

Halafu vije vile vinavyosahaulika: nyumba au pesa ya pango (nani anamlipa mwenye nyumba?), tiketi za likizo kwa anayetoka mbali, matibabu na nani anachagua hospitali, bonasi ya kushinda na ya kufunga, na mgogoro ukitokea uamuliwe wapi. Saini kila ukurasa, siyo wa mwisho tu. Ondoka na nakala yako siku hiyo hiyo yenye mhuri na saini za pande zote. “Nakala utaichukua kwa katibu” ni kauli iliyokwisha kuwatesa wengi, kwa sababu siku unayoihitaji katibu ndiye mtu wa mwisho mwenye hamu ya kuitafuta.

Tulikubaliana 800,000. Mbona nimepokea 660,000?

Huenda hesabu iko sawa. Chukua mshahara wa Sh 800,000 kabla ya makato. Mchango wa mchezaji kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 10, yaani 80,000. Kodi inakokotolewa kwenye kilichobaki, 720,000. Kiwango cha hadi 270,000 hakina kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000. Shilingi 200,000 zinazobaki zinatozwa asilimia 20, yaani 40,000. Kodi jumla 60,000. Toa 80,000 na 60,000 kwenye 800,000, mkononi unabaki na 660,000.

Kwa mshahara wa 1,500,000, NSSF ni 150,000. Inayotozwa kodi ni 1,350,000. Kodi ya milioni ya kwanza ni 128,000, na 350,000 za juu yake hutozwa asilimia 30, yaani 105,000. Jumla ya kodi ni 233,000, na mkononi inabaki 1,117,000.

Kasoro ya kweli huwa kwingine: makato yanafanyika lakini hayafiki NSSF. Klabu inatakiwa iongeze asilimia 10 yake na kupeleka asilimia 20 kwa pamoja. Nenda ofisi ya NSSF na namba yako ya uanachama, omba taarifa ya michango, uilinganishe na slipu za mshahara. Fanya hivyo kila baada ya miezi mitatu. Deni la miaka miwili la klabu iliyokwisha kubadilisha uongozi mara tatu ni kazi ngumu kulifuatilia. Na kama hupewi slipu, idai. Sheria inamtaka mwajiri atoe maelezo ya malipo kwa maandishi.

Pesa ya usajili ni mshahara?

Ni malipo ya kazi kama mengine, na inatozwa kodi. Tofauti yake ni kwamba haina mwezi wake, na ndiyo maana inaliwa kirahisi. Mtindo uliozoeleka ni kupewa nusu siku ya kupiga picha na jezi, na nusu “baadaye”. Hiyo “baadaye” iandikwe: awamu ya pili Sh fulani, tarehe fulani. Bila tarehe hakuna siku ambayo klabu inahesabika kuwa imechelewa, na bila kuchelewa huna cha kudai.

Jambo la pili ni mgawanyo. Mchezaji anayeahidiwa milioni 20 za usajili na mshahara wa 400,000 kwa miaka miwili anaona amepata. Gawanya: milioni 20 kwa miezi 24 ni kama 833,000 kwa mwezi. Maana yake zaidi ya theluthi mbili ya thamani ya mkataba imekaa mahali pasipo na usalama, na NSSF yake huenda inakokotolewa kwenye 400,000 peke yake. Kwa maoni yetu, afadhali usajili mdogo na mshahara mkubwa, ingawa tunajua kijana mwenye familia inayosubiri bati haoni hivyo.

Miezi miwili sijalipwa. Naweza kuondoka?

Unaweza, kwa mpangilio. Kifungu 14bis cha kanuni za FIFA, kilichoanza kutumika Juni 2018, kinasema klabu isiyolipa angalau mishahara miwili ya mwezi kwa tarehe zake inampa mchezaji sababu ya haki ya kusitisha mkataba, ilimradi mchezaji ameidai kwa maandishi na kuipa siku zisizopungua 15 kutimiza. Kanuni za ndani hujengwa juu ya misingi hiyo.

Barua haihitaji Kiswahili cha mahakamani. Inatosha hivi:

“Kwa mujibu wa mkataba wetu wa tarehe ..., sijalipwa mshahara wa Septemba (Sh 800,000, uliopaswa kulipwa tarehe 30 Septemba) na wa Oktoba (Sh 800,000, uliopaswa kulipwa tarehe 31 Oktoba). Jumla Sh 1,600,000. Naomba kiasi chote kiingie kwenye akaunti yangu ndani ya siku 15 tangu mtakapopokea barua hii. Kisipoingia, nitakuwa na sababu ya haki ya kusitisha mkataba na kudai fidia.”

Chapa nakala mbili. Moja iache ofisini, ya pili isainiwe na aliyepokea, iandikwe tarehe na kugongwa mhuri. Akikataa kupokea, itume pia kwa barua pepe rasmi ya klabu na uhifadhi ushahidi wa kutuma. Siku 15 zihesabu kuanzia siku ya kupokelewa.

Ndani ya siku hizo nenda mazoezini kama kawaida. Hapa ndipo kesi nyingi nzuri zinapofia: mchezaji anaandika barua Jumatatu, Jumatano anapanda basi kwenda kwao, na klabu inapata neno la kusema, “alitoroka kambi”. Kosa lingine ni kupokea malipo ya nusu na kusaini karatasi yenye maneno “nimelipwa stahiki zangu zote”. Ukipewa nusu, andika kwa mkono wako: “nimepokea Sh kadhaa, bado nadai Sh kadhaa.” Klabu ikilipa mwezi mmoja siku ya 13, sababu ya miezi miwili inapungua nguvu, ila deni la mwezi uliobaki linabaki deni. Na barua moja ya timu nzima iliyopelekwa na nahodha bila kutaja nani anadai kiasi gani haimsaidii yeyote. Kila mmoja aandike yake.

Barua imepita bila majibu. Napeleka wapi, FIFA?

Mtanzania anayeidai klabu ya Tanzania hapeleki FIFA. Chombo cha FIFA cha usuluhishi wa migogoro kinasikiliza ile yenye sura ya kimataifa, mfano Mghana anayeidai klabu ya hapa au Mtanzania anayeidai klabu ya Morocco. Hao wana miaka 2 tangu tukio, na mchezaji halipii gharama za shauri. Asiyeridhika na uamuzi anakwenda Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, Lausanne, ndani ya siku 21.

Wewe wa ndani una milango miwili: kamati ya TFF, shirikisho la soka la nchi, inayoshughulikia sheria na hadhi za wachezaji, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambayo ina ofisi Tanga. Soma kwanza kifungu cha migogoro kwenye mkataba wako. Kwa CMA unajaza Fomu Na. 1, unampelekea mwajiri nakala, unaiwasilisha ofisini na uthibitisho kuwa ameipata. Huduma yenyewe hailipiwi.

Muda ndio kaburi. Mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa CMA ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa, na mingine, kama malimbikizo ya mishahara, ndani ya siku 60 tangu ulipoanza. Viongozi wa klabu si lazima wawe na hila. Wakikuambia “subiri kikao cha Jumamosi” mara tano tu, siku 30 zimekwisha na unaanza kuomba kuongezewa muda kwa kueleza sababu za kuchelewa. Subiri kikao ukiwa umeshafungua shauri, mkipatana, utaliondoa. Chama cha wachezaji, SPUTANZA, kinaweza kukuelekeza, na mwanasheria wa kazi wa kawaida anatosha kwa mengi ya haya.

Nikiwarudishia pesa ya usajili na mishahara ya miezi mitatu, nimekuwa huru?

Hili linaulizwa tangu sakata la Feisal Salum, aliyekuwa kiungo wa Yanga. Desemba 2022 aliingiza Sh milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga, akitegemea kipengele cha mkataba wake, akatangaza ameachana nao. Kamati ya TFF iliamua Januari 2023 kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Alihamia Azam katikati ya 2023 baada ya klabu mbili kukubaliana.

Kipengele kinachosema “upande unaotaka kuvunja ulipe kiasi fulani” hakisomwi peke yake. Kanuni zinakataza kuvunja mkataba kwa upande mmoja katikati ya msimu. Kuna pia kipindi cha ulinzi: miaka 3 ya kwanza kwa aliyesaini kabla ya kutimiza 28, miaka 2 kwa aliyesaini baada ya umri huo. Kuvunja ndani yake bila sababu ya haki huleta adhabu ya kimichezo juu ya fidia. Tangu hukumu ya Mahakama ya Haki ya Ulaya kuhusu Lassana Diarra, tarehe 4 Oktoba 2024, FIFA imerekebisha namna ya kukokotoa fidia. Lakini wanaosema mkataba sasa “hauna maana” hawajaisoma.

Njia ya amani ipo. Mkataba ukibakiza miezi 6, unaruhusiwa kuzungumza na kusaini na klabu nyingine.

Nasugua benchi msimu mzima. Hiyo si sababu ya kuondoka?

Inaweza kuwa, kwa mchezaji aliyekwisha jijenga ambaye ameonekana kwenye chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za timu. Timu ikicheza 34, ni mechi 3 au pungufu. Tamko litolewe ndani ya siku 15 baada ya mechi ya mwisho ya msimu. Umri, majeraha na adhabu vinaangaliwa pia, kwa hiyo kinda wa miaka 19 asiitegemee.

Timu ikishuka daraja, klabu inaweza kupunguza mshahara?

Kama mkataba unasema hivyo, ndiyo. Kama haukusema, mpaka ukubali kwa maandishi. Tanga inajua kushuka. Msimu wa 2015/16 Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT ziliteremka zote tatu kwa mpigo, na mkoa uliotoa bingwa wa 1988 ukabaki bila timu ya Ligi Kuu. Anayesaini na timu inayopigania kubaki aombe kipengele cha pande mbili: mshahara unapungua kwa asilimia fulani, naye anaruhusiwa kuondoka bure. Kipengele kinachopunguza mshahara bila kufungua mlango ni kitanzi.

Kwa nini klabu zetu zinachelewesha mishahara hata pale ambapo hakuna mwizi?

Fanya bajeti ya klabu ya kubuni: wachezaji 28, wastani wa Sh 1,000,000 kila mmoja. Mishahara ni milioni 28 kwa mwezi. NSSF ya mwajiri 2,800,000. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, asilimia 0.5, ni 140,000. Tumefika 30,940,000 kwa mwezi, au 371,280,000 kwa mwaka, kabla ya tozo ya kuendeleza ufundi stadi, kocha, daktari, kambi, na safari kama ya kutoka Tanga hadi Bukoba kwa basi na kulala njiani.

Mapato hayaji kwa mwezi. Yanakuja kwa mafungu: udhamini unaingia kwa awamu, zawadi ya nafasi inaingia baada ya ligi, na geti la Mkwakwani linajaa Simba au Yanga wakija, siku nyingine upepo wa bahari ndio unaokaa jukwaani. Kiongozi anapopata fungu Septemba anasajili, kwa sababu usajili unapigiwa makofi na akiba haipigiwi. Ikifika Februari hakuna kitu.

Dawa inajulikana: fungua akaunti ya mishahara peke yake, weka humo mishahara ya miezi mitatu kabla ya kusajili mtu mpya, na usisaini mkataba ambao mweka hazina hajauona. Klabu inayowaza kucheza Afrika ina sababu ya ziada. Coastal Union ilipomaliza ya nne msimu wa 2023/24 iliingia Kombe la Shirikisho Afrika, na leseni ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, inauliza kuhusu madeni ya wachezaji. Halafu kuna kifungu 12bis cha kanuni za FIFA: deni lililopita siku 30, mchezaji akishadai kwa maandishi na kutoa siku 10, linaweza kuifungia klabu kusajili kwa dirisha moja au mawili.

Pesa ya Azam TV inagawanywa kwa haki?

Mkataba wa 2021 wa haki za matangazo ulitangazwa kuwa wa Sh bilioni 225.6 kwa miaka 10. Ukigawa kijuujuu ni wastani wa bilioni 22.56 kwa mwaka, lakini zisidhaniwe zote zinaingia mifukoni mwa klabu 16 kwa usawa. Kuna zawadi kwa nafasi, na kwa msimu wa kwanza bingwa alitengewa Sh milioni 500.

England hugawa nusu ya pesa ya televisheni ya ndani kwa usawa, robo kwa nafasi kwenye msimamo, na robo kwa idadi ya mechi zilizoonyeshwa. Kwetu pengo halitoki kwenye televisheni tu. Linatoka kwenye jezi, wanachama na wafadhili, ambavyo viko Kariakoo na Msimbazi kwa Yanga na Simba, siyo Chuda hapa Tanga. Kwa mtazamo wetu sehemu ya usawa ikiwa kubwa ndivyo ligi inavyonoga, maana hakuna anayelipia king'amuzi kuangalia mshindi anayejulikana tangu Agosti.

Ni haki mchezaji wa Ulaya kulipwa kwa wiki kile ambacho daktari wa hospitali ya Bombo hakioni maisha yake yote?

Ukiuliza kama kazi yake ina faida zaidi kwa watu, jibu ni hapana, na hakuna mwenye akili anayebisha. Ila uliza pia: asipolipwa yeye, pesa inakwenda wapi? Haitakwenda Bombo. Itabaki kwa mwenye klabu.

Historia inaonyesha hivyo. Hadi Januari 1961 mchezaji England hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki, viwanja vikiwa vimejaa. Kikomo kilifutwa baada ya wachezaji, wakiongozwa na Jimmy Hill, kutishia mgomo, na muda si mrefu Johnny Haynes wa Fulham akalipwa pauni 100. Mwaka 1963 kesi ya George Eastham dhidi ya Newcastle ilivunja desturi ya klabu kumshikilia mchezaji aliyemaliza mkataba. Tarehe 15 Desemba 1995 Jean-Marc Bosman alishinda, na mchezaji aliyemaliza mkataba ndani ya Umoja wa Ulaya akawa huru kuhama bila ada. Hapo pesa iliyokuwa ikienda kwa klabu inayouza ikaanza kwenda kwa mchezaji mwenyewe.

Sasa Ulaya inajaribu kuweka breki kwa klabu, siyo kwa mtu mmoja mmoja: kanuni ya UEFA inataka gharama za kikosi, yaani mishahara, uhamisho na mawakala, zisizidi asilimia 70 ya mapato kuanzia 2025/26.

Mchezaji wa timu ya jeshi analipwaje?

Timu kama JKT Tanzania na Tanzania Prisons zina wachezaji ambao ni waajiriwa wa vyombo hivyo. Mshahara wao hautegemei geti, na goti likiisha ajira inaweza kuendelea. Wanaowacheka kwa mishahara midogo hawajahesabu miaka 20 ya baada ya mpira.

Nimeumia. Klabu inasema haitanilipa hadi nipone.

Haiwezi kusema hivyo kirahisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Mkataba unaweza kukupa zaidi, hauwezi kukupa pungufu. Jeraha la mazoezini au mechini ni ajali kazini, kwa hiyo mwambie mwajiri atoe taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na upate ripoti ya daktari ya siku hiyo hiyo.

Ukiumia kwenye ndondo umejiumiza mwenyewe. Mikataba mingi inakataza kucheza nje ya klabu bila ruhusa ya maandishi. Elfu hamsini ya fainali ya mtaa imewahi kugharimu watu msimu mzima wa mshahara.

Mchezaji wa kike akipata ujauzito?

FIFA tangu 2021 inataka angalau wiki 14 za likizo, zisizopungua 8 baada ya kujifungua, kwa theluthi mbili ya mshahara, na sheria ya nchi ikitoa nafuu zaidi ndiyo inayofuatwa. Sheria yetu ni siku 84 kwa mshahara kamili. Wiki 14 ni siku 98, kwa hiyo FIFA inazidi kwa siku na Tanzania inazidi kwa pesa. Andikeni kwenye mkataba: siku 98, mshahara kamili. Kumfukuza kwa sababu ya ujauzito ni kuvunja mkataba bila sababu.

Tumemlea kijana tangu akiwa na miaka 12, sasa anauzwa nje. Timu yetu inapata kitu?

Kama imesajiliwa na kijana alikuwa ameandikishwa kwenu rasmi, ndiyo. Uhamisho wa kimataifa wenye ada hutengewa asilimia 5 ya mshikamano kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada, na kila msimu wa 16 hadi 23 una 0.5.

Mfano: ada ni dola 100,000, mlikuwa naye tangu 12 hadi 18. Misimu minne ya kwanza ni asilimia 1, dola 1,000. Misimu mitatu inayofuata ni 1.5, dola 1,500. Mnapata 2,500, na akihama tena kwa ada mnapata tena. Safari kama ya Mbwana Samatta, TP Mazembe kwenda Genk 2016 kisha Aston Villa Januari 2020, ndiyo inayofungua mfuko huu zaidi ya mara moja. Malipo hupitia ofisi ya malipo ya FIFA iliyoanza Novemba 2022, nayo inasoma kumbukumbu za usajili za TFF. Timu ya mtaa yenye daftari la kaunta tu, hata kama kocha alimnunulia kijana viatu na uji kwa miaka saba, haionekani humo. Sajilini klabu kupitia chama cha wilaya, na mwandikisheni kila mtoto kila msimu.

Wakala anataka milioni mbili za “majaribio Uturuki”. Tumpe?

Msimpe. Wakala halali ana leseni ya FIFA, na orodha yao iko wazi kwenye tovuti ya FIFA. Tafuta jina lake mwenyewe, usikubali picha ya kitambulisho kwa WhatsApp. Analipwa asilimia ya kipato cha mchezaji baada ya kazi kupatikana, kwa mkataba wa uwakilishi usiozidi miaka 2. Klabu inayotaka kumjaribu mtu hutoa barua ya mwaliko yenye tarehe, malazi na jina la anayehusika, na barua hiyo unaweza kuithibitisha kwa kuandikia anwani iliyo kwenye tovuti ya klabu yenyewe, siyo aliyokupa wakala. Kijana chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhama kimataifa isipokuwa kwa sababu chache sana, kwa hiyo anayemwahidi mtoto wa miaka 16 mkataba wa Ulaya anauza kitu ambacho hana. Kama ulishamlipa kabla ya kusoma haya, mwombe risiti yenye jina kamili na namba ya simu iliyosajiliwa. Polisi wa Chumbageni watakuuliza hiyo kwanza.